Tulivyokwenda Mikumi Kutafuta Kadi Itakayofika Mlangoni

Niliondoka nyumbani Tindiga kwa sababu ya uso wa mtoto. Mjukuu wangu Zaina, binti wa marehemu mwanangu Mwanaidi, alijifungua mtoto wa kike huko Kanada anakoishi na mumewe Wambura. Mtoto yule alikuwa bado hana jina kwa kuwa mimi nilikuwa sijamwona.

Niwaeleze ninyi ambao si wa ukoo wetu. Kwetu mtoto hapewi jina angali tumboni, wala hapewi jina kwa kuwa linapendeza masikioni. Mwanamke mkubwa kuliko wote aliye hai upande wa mama anamtazama mtoto usoni, mlangoni pa nyumba aliyozaliwa mama yake, kisha anasema ni nani aliyerudi. Analiita jina lile kwa sauti, na watu waliopo wanaitika kwa niaba ya mtoto. Basi, imekwisha. Kabla ya hapo mtoto anaitwa Mgeni tu. Kazi hiyo alikuwa nayo bibi yangu Sikudhani, akamwachia mama yangu Mwanahawa, akamwachia dada yangu Tausi, na Tausi alipoondoka ikaniangukia mimi Mwamvua. Shule nilisoma kidogo tu, pale kambi ya mkonge, lakini majina hayanipotei. Nikikutana na mtu mara moja, nabaki na jina lake na la mama yake.

Zamani mtoto alibebwa akaletwa. Wa Kanada haletwi. Zaina akasema, "Bibi, utamwona kwenye laptopu." Si kwenye simu. Jicho langu la kushoto limeshafunga, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua, tena vitu vikubwa tu. Uso wa mtu kwenye simu ya Rehema, mke wa mwanangu Juma, mimi naona kama tone la maziwa. Daktari kule Kilosa aliniambia bila kunificha kwamba jicho hili nalo linaelekea kule kule. Kwa hiyo nilikuwa na haraka, na haraka ya mtu wa umri wangu haina mbio, ina kukosa usingizi.

Laptopu tunayo. Aliiacha Zaina alipoondoka. Kile kidude chake cha ndani cha kudaka mtandao wa hewani kilikufa zamani, hivyo alikuwa amechomeka pembeni kadi ya waifai ya nje, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Na mtandao wa Tindiga mnaujua. Pale kwetu unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko. Rehema anaweka simu yake kwenye kopo juu ya kichuguu, anawasha hotispoti, kisha ile kadi inadaka na sisi tunakaa chini ya kichuguu na vigoda vyetu tunazungumza na Zaina. Tatizo ni kwamba kadi ile ilikuwa haiwezi kwenda mbali. Ukiisogeza laptopu kuelekea mlangoni, ukipita tu ukuta wa jiko, Zaina anaganda mdomo wazi. Kutoka kichuguu hadi mlangoni si mbali, mtu akikuita kwa sauti ya kawaida unamsikia. Lakini kadi haikusikia.

Tukiwa bado tunahangaika kuisogeza, mvua ikatunyeshea na kadi ikalowa. Watu wote wanajua kwamba kitu cha umeme kikilowa unakifukia kwenye mchele. Siku hiyo ndani hakukuwa na mchele uliokobolewa, ila magunia ya mpunga. Mimi na Rehema tukaona mpunga ni mchele uliovaa nguo tu. Tukaifukia humo. Tulipoitoa, haikuwaka tena.

Jumatatu alfajiri tuliondoka, mimi na Rehema. Juma alibaki kufukuza ndege shambani. Tulipanda fuso la kubeba mpunga, dereva wake Festo, mtoto wa Agripina aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na zahanati. Aliniweka mbele, laptopu nikaipakata ndani ya khanga. Mashamba yaliyokwisha kuvunwa yalikuwa yamejaa ng'ombe wa wafugaji, wanakula mabua, na yale ambayo hayajavunwa yalikuwa na watu wanaopiga makopo. Festo aliniuliza kilichomo kwenye khanga.

"Laptopu," nikamwambia.

"Bibi, unakwenda kuandika mradi?"

"Nakwenda kumtazama mtukuu wangu."

"Yuko Kilosa?"

"Yuko Kanada."

Akabadili gia, akapita mashamba mawili. Kisha akasema, "Basi mimi nitakushusha Kilosa, huko kwingine utamalizia," na Rehema akacheka nyuma yangu mpaka akashika kiti.

Kilosa mjini tulifika jua likiwa limeshapanda. Tulikwenda moja kwa moja kwa fundi Beda, ambaye kibanda chake kiko njia ya kutokea sokoni. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwangu na shikamoo kwa Rehema pia, ingawa Rehema hamzidi sana. Akaichukua kadi, akaiinua kwenye mwanga, akaingiza sindano kwenye mdomo wa kadi. Ikatoka pumba. Akaingiza tena, ikatoka pumba nyingine na punje nusu.

"Mama," akamwambia Rehema, "hii ni kadi au kinu?"

Rehema alitazama barabarani kama hakusikia.

"Mlikusudia kuikausha, najua," Beda akasema. "Wa Dar wanaleta zenye mchele. Mchele unatoka. Huu mpunga una ncha, unaingia na kukaa." Akaiweka chini. "Hii imekufa. Na mimi kadi nilizonazo ni za laptopu mpya, hii yenu ya zamani itazikataa. Nendeni Mikumi kwa Salome. Ila mjue kabisa, yule hauzi haraka. Atawakalisha benchi."

Sikuelewa habari ya benchi, nikadhani ni foleni.

Mchana ule ule tulipanda basi dogo la Mikumi. Mpaka leo nasema ile si safari ya mtu mwenye moyo mzito. Njia inapita kwenye mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori, na mimi kila pori nalijua kwa majina ya watu. Pale palikuwa na nyumba ya Mnyamwezi mmoja, Kasanda, aliyekata mkonge na baba yangu. Pale alikaa Mama Bahati aliyetuchanja sisi watoto wa kambi. Juu kwenye madaraja reli mpya inapita, na abiria wote upande ule walisimama kuangalia kama treni itatokea. Mimi sikusimama. Nilikuwa namfikiria Mwanaidi.

Njia hii nilipita naye alipokuwa mdogo, tukipeleka vitunguu. Alikuwa hawezi kukaa. Alisimama katikati ya magoti yangu akimuuliza kila abiria anakwenda wapi na kufanya nini huko, na watu wazima wakamjibu. Alikuwa na paji la uso pana, na nyusi ya kulia iliyopanda juu kidogo, kana kwamba hajaridhika na jibu ulilompa. Nyusi ile alizaliwa nayo, na alikufa nayo. Nilimfunika mwenyewe. Tangu siku ile, kila mtoto wa kike anayezaliwa katika ukoo namtazama kwanza pale, juu ya jicho la kulia. Amezaliwa wa Mwasiti, si yeye. Amezaliwa wa Hadija, si yeye. Huyu sasa ni wa binti yake mwenyewe. Kama Mwanaidi anarudi, si atapita kwa Zaina? Ndicho nilichokuwa najiambia mpaka tukapita kijiji cha Ulaya, mpaka milima ikasogea, mpaka tukaanza kusikia malori ya barabara kuu.

Mikumi tulishuka saa tisa, joto limelala juu ya lami. Malori yalikuwa yamepangana pembeni, madereva wanakula, harufu ya nyama choma na dizeli ni moja. Duka la Salome liko nyuma ya kibanda cha kuziba pancha. Salome mwenyewe ni mwanamke aliyenyoa kichwa, miwani yake imefungwa uzi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunataka kadi ya waifai."

Hakunyoosha mkono kwenye kabati hata kidogo. Akasema, "Karibuni benchi."

Lilikuwa benchi la mbao chini ya upenu, na watu watatu walikuwa wamekaa. Salome akaleta kigoda chake mwenyewe, akatueleza utaratibu. "Bibi, humu dukani kadi zote ni nzima. Mtambo wangu wa intaneti uko pale juu ya kichwa chako, hata kijiko kingedaka. Ubovu unaanza ukifika kwako. Zamani nilikuwa nauza tu, watu wanarudi toka Ulaya, toka Kisanga, wamevimba. Siku hizi simuuzii mtu kabla hajawasikia waliotumia. Hawa wote ni wateja wangu. Mimi nanyamaza, semeni nao."

Akanyamaza kweli. Akaanza kufungua simu ya mtu kwa bisibisi.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Kibwana, anayefundisha Kisanga. Akatoa mfukoni kadi ndogo kama ile yetu. "Hii inafanya kazi vizuri mpaka ipate moto," akasema. "Ikipata moto inazimia. Natunga mtihani, nusu inakwenda, nusu nyingine naandika kwa mkono."

"Mbona hukuirudisha?" Rehema akamuuliza.

"Nirudishe kwa uso gani? Salome aliniambia nichukue kubwa, mimi nikakataa. Nilisema imetokeza nje kama meno ya ngiri, wanafunzi watanicheka."

"Na sasa hawakucheki?" Aliyeuliza alikuwa mfugaji mwenye shuka la bluu, amekaa mwisho wa benchi.

"Wananicheka kwa mwandiko."

Yule mfugaji nilimtazama kwa muda. Sura siioni vizuri, lakini sauti na ukaaji navijua. Nikamwambia, "Wewe si mtoto wa Lekishon, aliyepitisha ng'ombe kwetu mwaka wa mafuriko?"

Akainuka, akaja kuinamisha kichwa mbele yangu nikakigusa. "Mimi ni Yohana, bibi. Yule ni baba."

"Alikuwa na dume jeupe."

"Mpaka leo kuna watoto wake," akasema, na nikaona amefurahi zaidi kwa dume kukumbukwa kuliko yeye. Akatuambia kwamba yeye siku hizi anauza ng'ombe kwa picha. Binti yake anashika laptopu, mnunuzi yuko Dar, ng'ombe anatembezwa, mnunuzi anaangalia. Kadi yake ni ile kubwa yenye antena mbili. "Inashika toka nyumbani mpaka zizini. Lakini inakula chaji kama ndama yatima anavyonyonya. Na ikikatika ng'ombe akiwa anatembea, mnunuzi anadhani nimeficha mguu mbovu."

"Na huwa unaficha?" Mwalimu akauliza.

"Wewe tunga mtihani wako."

Wa tatu alikuwa Mama Chausiku, mwanamke mnene mpole, mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale karibu na stendi. Alisema kadi yake ina tabia ya kujificha. Kompyuta inasema haijawahi kuiona. Anachomoa, anachomeka, inarudi kana kwamba ilikwenda chooni tu. Mpaka alipoinunulia waya mfupi wa kuirefusha, akaiweka mbali kidogo na joto la kompyuta. "Tangu hapo imetulia, mama. Haitaki kubanwa."

Nikawasikiliza wote. Kisha nikawauliza langu. Niliwaambia habari ya mtoto, na kichuguu, na mlango, na jicho. Nikasema, "Mimi sitaki mtihani wala ng'ombe. Nataka kukaa mlangoni, nimwone mtoto usoni bila kukatika mpaka nimjue. Kati ya hizi, ipi inaweza?"

Mwalimu Kibwana aliirudisha kadi yake mfukoni. Salome akaweka bisibisi chini.

"Katikati ya kichuguu na mlango kuna nini?" akauliza.

"Ukuta wa jiko," Rehema akasema. "Tofali za kuchoma."

Salome akasimama. Alizima mtambo wake wa dukani ili usitudanganye. Akachukua simu ya Rehema akaiweka juu ya rundo la matairi kwa yule mziba pancha, upande wa pili wa ukuta wa bloku. Laptopu akaiweka juu ya kigoda kwenye mlango wa duka. Akachomeka kadi yenye antena mbili kwa waya mfupi kama wa Mama Chausiku, akazisimamisha zile antena kama masikio ya punda aliyesikia kitu. Laptopu ya zamani ikafikiri, ikafikiri, akaiwekea programu yake kutoka kwenye flashi. Taa ya kadi ikaanza kupepesa.

"Mpigie mtu wa mbali kabisa unayemjua," akamwambia Rehema.

Rehema hana mwingine wa mbali. Akampigia Zaina. Mimi sikuwa nimewaza. Nilisikia mlio, nikasikia, "Rehema? Bibi yuko wapi?" Sauti safi kama yuko chumba cha pili, na Zaina kwa furaha yake akasema, "Bibi, huyu hapa, ameamka."

Nikafumba macho. Nikavuta na khanga nikafunika.

"Bibi, mbona unajifunika?"

"Si hapa, mwanangu. Mlangoni."

Wale wa benchi walikuwa wameinuka wote wamesimama nyuma yangu. Nilisikia Mama Chausiku akivuta pumzi, ile pumzi ambayo mwanamke anaivuta akiona mtoto mchanga. Mwalimu Kibwana akasema, "Bibi, fumbua. Leo mtandao upo, wa kesho hatuujui."

"Mwache," Mama Chausiku akamwambia.

"Mimi namwona vizuri sana," akasema Yohana. "Niseme alivyo?"

"Ukisema nitakuchapa na fimbo yako mwenyewe, mtoto wa Lekishon."

Wakacheka, na Zaina huko nje akacheka. Katikati ya kicheko nikasikia mtoto anapiga chafya. Chafya ndogo, halafu nyingine. Nilikuwa nimeshika ukingo wa laptopu, una joto, na joto lile mkono wangu uliliamini kuwa ni la mtoto. Nimezaa, nimezalisha, nimeosha waliokufa, lakini sijapata kushika macho yangu kwa nguvu namna ile. Ningeinua ncha moja tu ya khanga, ningemwona. Nikamuuliza Zaina kama mtoto analala, kama ananyonya. Akasema ananyonya, ila usiku halali, anakodoa tu macho. Nikamwambia kesho alasiri, kwake itakuwa asubuhi, awe tayari. Rehema akakata simu, ndipo nikafumbua macho nikaona kioo cheusi.

Salome alitufungia kadi kwenye boksi. Kabla hatujaondoka akasema, "Siku mkija tena Mikumi, mtakaa benchi muwasimulie wanunuzi wengine. Hiyo ndiyo sehemu ya bei."

Jioni Mama Chausiku alitulaza kwake. Alipika ugali na mlenda, akaniandalia maji ya moto ya kukanda magoti. Tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka awe nani?"

"Kazi hii haina kutaka," nikamwambia. "Unasema unachokiona."

Akaniongezea mboga. "Najua. Lakini unataka awe nani?"

Basi nikamwambia. Nikamwambia habari ya nyusi. Yeye alikuwa amemwona mtoto, angeweza kusema neno moja nikalala. Hakusema. Alitazama sahani yake, na mimi sikumtazama yeye, tusije tukaambiana kwa macho.

Jumanne asubuhi tulianza kurudi. Basi lilisimama mara moja njiani kuwapisha nyani waliokaa barabarani kama wajumbe wa kikao, dereva akapiga honi, nao wakamtazama. Boksi la kadi nilikuwa nalo kifuani. Rehema alinibembeleza alibebe yeye nikakataa. Kilosa hatukukaa. Tulimpitia Festo alipokuwa anapakua, tukarudi naye, na safari hii hakuuliza kitu ila alikwepa mashimo yote aliyoyaweza.

Alasiri tulifika Tindiga. Juma alikuwa amefagia mlango na kumwagia maji kutuliza vumbi, na majirani walikuwa wamekaa upenuni. Walikuwapo Mwasiti na Hadija na watoto wao, na Bi Zuhura, rafiki yangu tangu kambi. Rehema alipandisha simu kwenye kopo juu ya kichuguu. Juma akakaa karibu na jiko amenyoosha shingo kama anayeweza kuuona mtandao ukipita. Nikakaa kwenye kizingiti, laptopu kwenye kigoda mbele yangu, antena zimesimama.

Mara ya kwanza ilidaka ikaachia. Rehema akachomoa, akachomeka, kama tulivyofundishwa. Mara ya pili taa ilipepesa ikatulia. Uso wa Zaina ukajaa kioo kizima. Halafu akausogeza wake pembeni, akaleta ule mwingine.

Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kwanza niliona ukungu, kisha ukungu ukapata macho. Mtoto alikuwa ananitazama mimi. Nikaenda juu ya jicho la kulia.

Nyusi ilikuwa imelala sawa na mwenzake. Paji lilikuwa dogo, la mviringo. Nikatazama mdomo, nikatazama masikio, nikatazama kidevu ambacho kina kijishimo. Nikamwita moyoni Sikudhani, hakuitika. Nikamwita Mwanahawa, nikamwita Tausi, nikaenda kwa wale wa nyuma ambao nawajua kwa kuhadithiwa tu. Nikarudi tena kwenye nyusi. Mtandao haukukatika. Wangu wote niliwapitisha pale mlangoni mmoja mmoja, na uso ule haukuwa wa hata mmoja wao.

Zaina akasema polepole, "Bibi. Ni mama?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angenipinga, maana mwenye kazi ni mimi peke yangu. Na Zaina alikuwa ameuliza kama mtoto anayeuliza kama mama yake amefika sokoni au bado.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Mama yako bado."

Akageuza uso. Nikamwacha alie. Na mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshika kizingiti kwa mikono miwili. Kisha nikasema, "Wambura yuko hapo?"

Mumewe akaja, kijana mrefu, akapiga magoti ili aingie kwenye kioo. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Huyu mtoto simjui. Kwetu sijawahi kumwona. Wewe unamjua?"

Akasema kwao hawana desturi hiyo, hakutaka kuingilia ya kwetu. Lakini tangu siku ya kwanza, akasema, hicho kijishimo cha kidevuni, na hayo macho yasiyolala usiku, yeye anavijua. "Ni mama yangu, bibi. Alifariki mimi nikiwa darasa la sita. Huku sina hata picha yake."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nyabise."

"Binti wa nani?"

"Binti wa Magesa, wa Musoma."

Bi Zuhura nyuma yangu akanong'ona kwamba jina la upande wa baba halijawahi kuitwa kwenye mlango huu. Ni kweli, halijawahi. Lakini mimi nimewekwa hapa kusema nani aliyekuja, si kuchagua. Na mama wa watu ametoka Musoma, amepita Kanada, amefika mpaka Tindiga kwa kadi ya waifai, nimwambie hapa si kwake?

Nikajitengeneza sauti, nikaita, "Nyabise."

Kisha Juma akaitika kutoka pale jikoni, Rehema akaitika, Mwasiti na Hadija na watoto wao wakaitika, na Bi Zuhura wa mwisho. Kwenye kioo niliona Wambura ameinamisha kichwa juu ya mtoto, mabega yanatikisika, na mkono wa Zaina umekuja kushika shingo yake. Ndipo picha ilipoganda. Tulibaki nayo hivyo hivyo, watatu hao, mpaka chaji ikaisha.

Nimejifunza kwamba kadi haijaribiwi dukani, inajaribiwa mlangoni kwako. Na mwenye kutafuta wa kwake, aende akiwa na nafasi ya kumpokea na wa mwingine. Kila Ijumaa Rehema anapandisha simu kwenye kichuguu, nami namtazama Nyabise akikua. Ameanza kucheka. Kila wiki yeye amekua kidogo zaidi, na kila wiki mimi naona vibaya zaidi. Mwanaidi bado hajarudi. Zaina angali kijana, na jicho moja ninalo.